Mjukuu wa Kuamkia Mitambo

Siku ya tatu Bi Mkubwa alikuja hospitalini na mto wake wa kulalia, na karani wa dirisha namba nne alipouona ule mto akajua mambo yamefika pabaya. Mgonjwa akija na karatasi ana haraka. Akija na chupa ya chai ana subira. Akija na mto, huyo amehamia.

"Shikamoo, bibi," karani akasema, macho kayaelekeza ukutani.

"Marahaba. Mtambo umeamkaje?"

"Mzima, bibi. Ila haujajibiwa."

"Na nani?"

"Na mtambo wa Mfuko wa Bima."

"Kwani umeuliza?"

Karani akakohoa. Bi Mkubwa alikuwa na mtoto wa jicho kulia na kushoto, dunia kwake ilikuwa kama maji ya mchele, lakini kikohozi cha mtu mwenye la kuficha alikifahamu tangu ujana wake.

"Hapo Mfuko si ng'ambo ya barabara tu? Juzi nimevuka nikahesabu hatua arobaini, na mbili kati ya hizo nilikuwa nakwepa baiskeli. Nipe hiyo karatasi niipeleke mwenyewe, wagonge muhuri, nirudi. Sioni, lakini barabara naisikia."

"Karatasi marufuku, bibi. Tangu utepe ukatwe, kila kitu kinapita kwenye mtambo."

"Hakipiti."

"Hakipiti, bibi, lakini ndiko kinakopita."

Bi Mkubwa akaupiga mto wake ngumi mbili, akauweka kwenye benchi baina ya mzee wa nyonga na mama wa figo, akalala. Daktari bingwa wa macho, anayekuja mara moja kwa mwaka, alikuwa chumba cha tatu kutoka pale, akinywa chai. Alikuwa na visu vyake, dawa zake na muda wake. Alichokosa ni ruhusa ya kumgusa mtu. Angeondoka Ijumaa asubuhi. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

* * *

Mtambo mkuu wa kompyuta si kama hizi za kubeba kwapani. Ni kabati la chuma, kubwa kama jokofu la bucha, lina chumba chake, kiyoyozi chake na mlinzi wake, na kwa jumla linaishi vizuri kuliko wanaolihudumia. Ndani yake wanakaa wapangaji. Mafundi wanawaita mashine pepe, maana hawana chuma wala skrubu, ni kompyuta za kudhaniwa tu. Lakini kila mmoja anaamini nyumba yote ni yake, ana mlango wake, jiko lake na makuu yake.

Katika mtambo wa Hospitali alikaa mpangaji aitwaye Tabibu. Yeye alijua nani anaumwa nini. Katika mtambo wa Mfuko alikaa Mdhamini, aliyejua nani analipiwa nini. Kazi iliyotakiwa ilikuwa ndogo kuliko ya kuazima kiberiti: Tabibu amuulize Mdhamini, "Huyu ni wako?" na Mdhamini ajibu, "Ni wangu, mtibuni."

Basi barabara ikachimbwa, bomba likalazwa, kebo ikapita. Mgeni rasmi alikata utepe mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza mpiga picha alikuwa hajawa tayari. Karatasi zikapigwa marufuku papo hapo, na mihuri ikakusanywa kwenye ndoo.

Sasa mashine mbili zikitaka kuzungumza, lazima moja ibishe hodi na nyingine iitikie karibu. Kila upande una mstari mmoja wa maagizo: NANI AANZE? Unajaza MIMI au YEYE. Basi. Mtoto wa darasa la pili angeujaza.

Lakini Mkurugenzi wa Hospitali alimzidi Meneja Mkuu wa Mfuko miezi minne kwa umri, na Meneja alimzidi Mkurugenzi ngazi moja ya mshahara, na tangu wajuane hakuna aliyewahi kumwamkia mwenzake. Wakikutana kwenye lango walikuwa wakiangalia saa. Mkurugenzi alipoelezwa habari za ule mstari akasema, "Mtambo wangu uanze kuuamkia mtambo wa yule? Andika YEYE." Meneja naye alipoelezwa akacheka mpaka akavua miwani. "Andika YEYE," akasema, "kwa herufi kubwa." Akaambiwa tayari ni kubwa.

Kamati ya Pamoja ya Nani Aanze ilikaa vikao kumi na kimoja. Ikajaribu kuangalia umri wa mitambo yenyewe, lakini ule wa Hospitali ulitengenezwa kwanza, ukakaa kwenye makasha miaka miwili kungoja kiyoyozi, na ule wa Mfuko ukawashwa kabla yake. Ikawa mjadala wa aliyezaliwa kwanza na aliyetembea kwanza, na wajumbe wakaagiza vitafunio.

Miezi mitatu Tabibu na Mdhamini walisimama, kila mmoja nyuma ya mlango wake, masikio wazi, wakingoja hodi. Hakuna aliyeharibika. Taa zote zilikuwa za kijani. Husemwa tembo wakipigana nyasi ndizo zinazoumia. Hawa hata kupigana hawakupigana, walisimama tu na heshima zao, na nyasi zikalala kwenye benchi na mito.

* * *

Jambo la kuchekesha, kama si la kuliza, ni kwamba fundi wa mtambo wa Mfuko alikuwa mtoto wa kuzaa wa Bi Mkubwa, jina lake la kazini Kebo. Na fundi wa mtambo wa Hospitali alikuwa mke wa Kebo, ambaye wote walimwita Opereta. Wawili hao walikuwa wakilala kitanda kimoja, na asubuhi kila mmoja anakwenda kuhudumia mashine isiyosema na ya mwenzake.

Jioni ya Jumatano walikuwa jikoni. Kebo anamenya viazi, Opereta anakata vitunguu, Bi Mkubwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, mto wake mapajani.

"Mkwe wangu," akasema, "mashine yako imeshindaje?"

"Inangoja, mama."

"Na yako, mwanangu?"

"Inangoja, mama."

"Na nyinyi mmelala mzungu wa nne, kichwa huku, miguu kule?"

"Mama!"

"Nauliza tu. Siku hizi sijui ni nini kinasubiri nini."

Kebo akaweka kisu chini. "Mama, mstari ule naweza kuubadilisha kwa kidole kimoja. Lakini kila siku saa mbili kamili asubuhi Meneja anaingia, anataka mstari uchapwe, anausoma kwa sauti, anasaini. Akikuta imeandikwa MIMI, sitapewa hata nafasi ya kuchukua koti."

"Wangu anasaini na kupiga picha," Opereta akasema.

"Na tukilipa wenyewe?" Bi Mkubwa akauliza.

"Mishahara yetu wote wawili ya mwaka mzima. Na tusile."

Bi Mkubwa akaugeuza mto mapajani. Kisha akasema polepole, kana kwamba anauambia ule mto, "Miaka sita nakaa na mkaza mwana nisiyemjua sura. Namjua kwa hatua, namjua kwa kikohozi, namjua kwa chumvi anayotia. Watu wananiambia ni mzuri. Haohao waliniambia Mfuko unalipa. Nilitaka nihakikishe mwenyewe. Na tangu aletwe humu, watoto walioingia nyumba hii ni hawa wawili tu wa machoni mwangu."

Kisu cha vitunguu kikasimama.

"Mkwe, unalia?"

"Silii, mama. Vitunguu."

"Haya."

Kebo akaangalia dari. Hakukuwa na kitu darini. Ndipo Bi Mkubwa, pengine kwa kujutia ulimi wake, akageuza maneno.

"Hao mabwana zenu mnawaendea kwa kikao, ndiyo maana mnashindwa. Wazee wawili wakinuniana hawapatanishwi na kikao. Unatuma mtoto. Mtoto anaingia kwa huyu, shikamoo. Anatoka, anaingia kwa yule, shikamoo. Mtoto haoni aibu kuanza, ndiyo kazi yake duniani. Na akishaitikiwa, anabeba na maneno: mzee kule anauliza hivi, mzee huku anajibu vile. Wazee hawajaongea, lakini mambo yamekwenda."

Kiazi kikamponyoka Kebo, kikabiringika mpaka chini ya meza. Akamtazama mkewe. Mkewe naye alikuwa anamtazama, machozi ya vitunguu bado shavuni.

"Mpangaji wa tatu," Kebo akasema.

"Mdogo. Hana kazi nyingine ila kubisha hodi."

"Tabibu anabaki YEYE. Mdhamini anabaki YEYE. Mistari yao haiguswi."

"Na katikati MIMI, MIMI."

"Mnasema nini nyinyi?" Bi Mkubwa akauliza.

"Tunasema tutakuletea mjukuu, mama," Opereta akajibu, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu akacheka.

"Lini?"

"Kesho kabla ya saa sita mchana."

"Kumbe inawezekana! Sasa miaka yote hiyo mlikuwa mnangoja nini?"

* * *

Mpangaji hawezi kuingia kwenye mtambo bila namba ya anayemlipia pango. Alhamisi asubuhi Kebo akagundua kwamba namba za idara zote tisini na tisa zilikwisha. Moja ilishikwa na kantini iliyofungwa kabla yeye hajaajiriwa. Meza pekee katika jengo zima iliyokuwa ikitoa namba mpya ilikuwa ya Wategemezi, ambako wanachama huandikisha wake, waume na watoto. Pale alikaa mama mmoja mwenye miwani ya kamba, aliyeitwa Dada wa Wategemezi na watu waliomzidi umri.

"Unaandikisha nani?"

"Mtoto."

Miwani ikapanda. "Hongera! Kimyakimya hivyo! Jina?"

"Mjumbe."

"Jinsia?"

"Haina."

Kalamu ikasimama hewani.

"Yaani... bado," Kebo akasema.

"Bado vipi? Hamjaangalia?"

"Andika wa kiume."

"Uzito?"

Hapo mazoea ya kazi yakamponza. "Megabaiti sitini na nne."

Fomu haikuwa na nafasi ya megabaiti. Dada akaandika kilo sitini na nne, akaisoma tena, akauma midomo. "Mpe pole sana mama yake. Amezaliwa saa ngapi?"

"Bado kama saa moja hivi."

"Na wewe uko hapa unafanya nini?"

"Kule hawezi kuzaliwa bila namba."

Dada wa Wategemezi akatikisa kichwa mpaka kamba za miwani zikacheza. "Hospitali ile! Mzazi anaumwa, wao wanataka namba kwanza! Shika hii, kimbia. Mabadiliko yanaingia kwenye daftari saa kumi na mbili jioni, mtambo ukifunga siku. Na kuna kanuni ya tisa, ila usiiwaze saa hii, wewe kimbia!"

Kebo akakimbia, akashuka ngazi mpaka chumba cha mtambo, kilicho chini ya ofisi hiyohiyo. Alipotoka humo baada ya saa moja, mpangaji mpya alikuwa amepata kona yake ndani ya kabati la chuma, karibu na mlango wa kebo. Juu ya meza yake Kebo alikuta beseni, mche wa sabuni na kofia ndogo ya sufi, mchango wa ofisi nzima. Mlinzi ndiye aliyetoa kofia.

* * *

Ng'ambo ya barabara Tabibu hakumfungulia mtu asiye kwenye orodha, na orodha ilisainiwa na Mkurugenzi peke yake. Opereta alisimama mbele ya meza yake dakika kumi na mbili, kwa kuwa Mkurugenzi alikuwa akichagua kalamu.

"Huyu Mjumbe ni nani?"

"Ni mtoto, mzee."

"Mtoto wa nani?"

"Wetu. Mimi na mume wangu wa kule Mfuko."

"Anatoka kule? Anataka nini huku kwangu?"

"Kusalimia tu, mzee. Aje kila mara amwamkie Tabibu."

Uso wa Mkurugenzi ukalainika kama mkate uliochovywa kwenye chai. Akaegemea kiti. "Kila mara?"

"Kila nusu dakika, mzee."

"Unaona, binti yangu? Watu wazima wa kule hawana adabu, lakini watoto wao bado wanafundishika." Akasaini, akapigia mstari saini yake, kisha akaweka nukta chini ya mstari.

Saa nane na nusu mchana Mjumbe akabisha hodi kwa Mdhamini. Mdhamini, aliyekaa miezi mitatu nyuma ya mlango, akafungua. Mjumbe akapita kwenye bomba chini ya barabara, chini ya baiskeli na mikokoteni, akabisha kwa Tabibu. Tabibu naye akafungua. Na kwa kuwa Tabibu alikuwa amenyamaza muda mrefu, alikuwa na maneno mengi: maswali mia nne na kumi na mawili, yamepangwa kwa foleni, la kwanza likiwa la mwanamke aliyevunjika mkono, ambaye mkono wake ulikwisha kujiunga wenyewe, kombo.

Jicho la kulia la Bi Mkubwa lilikuwa swali la mia nne na tisa. La kushoto, la mia nne na kumi.

Mjumbe alikuwa mdogo, hana nguvu. Kila swali lilimchukua nusu dakika kwenda na kurudi. Kebo akapiga hesabu nyuma ya bahasha: jicho la kulia, saa kumi na mbili kasoro dakika tano na nusu. "Inatosha," akampigia mkewe simu. "Daktari asubiri tu."

Saa kumi simu ikalia. Ilikuwa ya Dada wa Wategemezi.

"Mama mtoto anaendeleaje?"

"Vizuri, dada."

"Mungu mkubwa, kwa zile kilo. Sasa ile kanuni ya tisa. Mfuko unamlipia mzazi wa mwanachama asiye na mtoto. Mwanachama akipata mtoto, mzazi anatoka, mtoto anaingia. Kwa hiyo saa kumi na mbili jioni mama yako anafutwa. Nimeona nikuambie mapema, usije ukashtuka."

Kebo alikaa chini. Kwa bahati kulikuwa na kiti.

* * *

Saa kumi na moja benchi la Hospitali lilianza kupungua. Dirisha namba nne karani alikuwa akiita majina kwa sauti iliyokauka: mzee wa nyonga akaondoka, mama wa figo akaondoka. Bi Mkubwa alibaki na mto wake, na Daktari wa macho amesimama mlangoni, glovu mkononi, koti la safari begani.

Opereta alikuwa kwenye chumba cha mtambo, macho kwenye kioo. Mia tatu tisini. Mia tatu tisini na moja. Mlango ukafunguliwa, akaingia Mkurugenzi na watu sita nyuma yake.

"Hebu waonyeshe hawa mtoto wa Mfuko anavyosalimia."

"Mzee, yuko katikati ya kazi."

"Salamu ni kazi?"

Ilibidi maswali yasimamishwe, Mjumbe atoke, abishe hodi upya. Ikaandikwa kwenye kioo kwamba Mjumbe ameamkia, Tabibu ameitikia. Watu sita wakapiga makofi. Dakika mbili zikaenda.

"Tena," Mkurugenzi akasema. "Huyu bwana alikuwa anafuta miwani."

Dakika mbili nyingine. Na wakati huohuo ng'ambo ya barabara Meneja Mkuu naye alikuwa ameingia kwa Kebo na mhasibu na mgeni mmoja asiyejulikana ametokea wapi. "Nasikia mtoto wetu ameamkia Mdhamini wangu kwanza kabla ya kwenda kule," akasema. "Hebu nione." Dakika moja ikaenda. Kebo alikuwa akitoka jasho ndani ya chumba chenye kiyoyozi.

"Mzee," Opereta akamwambia Mkurugenzi alipoinua kidole mara ya tatu, "mtoto akisalimishwa sana anachoka, kesho anakataa."

Hilo Mkurugenzi alilielewa. Alikuwa na wajukuu. Akawaongoza wageni wake nje.

Mia nne na saba. Mia nne na nane. Saa ya ukutani ilikuwa imebakiza dakika moja. Opereta akajikuta anamsemesha yule kiumbe asiye na masikio: "Haya baba, haya mwanangu, kaza mwendo, bibi anangoja." Ilipobaki nusu dakika, Tabibu aliuliza juu ya jicho la kulia, *Huyu ni wako?* na jibu likarudi likiwaka: *Ni wangu, mtibuni.*

Karani hakungoja lichapwe. Alitoka dirishani, akambeba Bi Mkubwa na mto wake, mkongojo wake ukiburuzika, akamkabidhi kwa Daktari kama mtu anayekabidhi mtungi.

Saa kumi na mbili kamili Mjumbe akafika na swali la jicho la kushoto.

*Huyu ni wako?*

*Simjui,* Mdhamini akajibu.

* * *

Ijumaa asubuhi Daktari alimfungua Bi Mkubwa bandeji huku gari lake likinguruma nje. Kebo alisimama upande mmoja wa kitanda, Opereta upande wa pili, karani kajipenyeza mlangoni.

Bi Mkubwa akaangalia dirisha. Akaangalia ukuta. "Huu ukuta mchafu," akasema. Akamwangalia Kebo. "Umezeeka, baba." Kisha akageuka kwa mkaza mwanawe. Akamwashiria asogee. Akasogea. Akamwashiria tena. Akamshika kidevu, akakielekeza kwenye mwanga kama anayekagua sahani.

"Mkwe, unalia?"

"Silii, mama."

"Usinidanganye tena. Leo naona. Na humu ndani hakuna vitunguu."

Opereta akajaribu kucheka, ikatoka sauti nyingine. Bi Mkubwa akamfuta shavu kwa ncha ya bandeji.

"Miaka sita nyumba ile imekula vitunguu vingi mno," akasema taratibu. "Mimi ndiye niliyekuwa nikivinunua kwa mdomo wangu. Nisamehe, mwanangu."

Karani akakohoa, kile kikohozi chake. Alikuwa na karatasi mbili, za kwanza kutoka Mfuko tangu utepe ukatwe, kwa sababu sasa mitambo ilikuwa ikizungumza na ilikuwa na mengi ya kusema. Ya kwanza ilimtaarifu Kebo kwamba mzazi wake amefutwa. Angeweza kurudishwa, na jicho la kushoto likatibiwa mwakani, endapo mwanachama ataleta taarifa ya kifo cha mtoto. Ya pili ilimwita mtoto Mjumbe, siku moja, kilo sitini na nne, aletwe kliniki Jumatatu kwa chanjo.

Kebo akaisoma ile ya kwanza mara mbili. "Ni amri moja tu, mama. Namfuta leo jioni, Dada anaandikisha kifo, wewe unarudi kwenye daftari."

"Ukimfuta, hawa mabwana wataongea?"

"Hapana."

"Na benchi?"

Kwenye korido mtu alikuwa akiita jina la mgonjwa, na mgonjwa akaitika mara ya kwanza, jambo ambalo lilikuwa geni kidogo masikioni.

"Basi mwacheni," Bi Mkubwa akasema. "Mjumbe hauawi. Na jicho moja linanitosha. Likifunguka na la pili nitaanza kuona vumbi la nyumba yenu, tugombane."

Jumatatu alikwenda kliniki mwenyewe, beseni mkononi na kofia ya sufi ndani ya beseni. Muuguzi akaita, "Mjumbe!" akaangalia huku na huku, akarudia kwa wasiwasi, "Mjumbe, kilo sitini na nne!"

"Mimi bibi yake," Bi Mkubwa akasema.

"Mtoto yuko wapi?"

"Kazini."

"Ana siku nne, bibi. Kazini?"

"Na wewe usingemwita kama asingekuwa kazini."

Muuguzi akatafakari, akaona foleni, akaandika: *Hakuletwa. Aletwe mwezi ujao.*

Wakati anatoka Bi Mkubwa alipita dirisha namba nne kuchukua mto wake, aliousahau Ijumaa na karani akamtunzia. Benchi lilikuwa tupu, linang'aa mahali lilipokaliwa.

"Kamati ya Pamoja imeitwa tena, bibi," karani akamnong'oneza. "Kikao cha kumi na mbili. Mkurugenzi amegundua kwamba mtoto anaanza kumwamkia Mdhamini ndipo anakuja huku. Anataka aanzie huku."

"Na Meneja?"

"Anasema mtoto wa kwake hawezi kupita mlango wa nyumbani bila kuamkia."

Bi Mkubwa akamtazama kwa jicho lake moja jipya, akautazama mto. Akaupiga ngumi mbili, akaulaza vizuri kwenye benchi, upande wa kichwa karibu na dirisha, akaenda zake na beseni lake.